Kizibo cha Msonobari Mbichi

Alwin Fetz alikuwa na mazoea ya kulamba mgongo wa mkono wake. Ungemkuta ndani ya nyumba mpya isiyo na hata kiti kimoja, amesimama kando ya dirisha, analamba mkono kama paka, kisha anaupitisha polepole pale ukuta unapokutana na mbao, macho ameyafumba. Alikuwa anatafuta upepo. Ngozi yenye unyevu husikia baridi hata mahali ambapo mshumaa hautikisiki. Alwin aliuamini mkono wa kushoto kuliko wa kulia, maana wa kulia, alisema, umepigwa nyundo mara nyingi mno hata umekuwa na kinyongo.

Huko Buchegg, kijiji cha ng'ombe na maseremala katika milima ya magharibi mwa Austria, watu walimzoea hivyo. Watoto walimwita Mzee Mlamba-mkono, naye hakukasirika. Nyumba thelathini na mbili alizozipitia kwa mkono ule zilipimwa na wahandisi, na zote thelathini na mbili zilipita. Kwa mtu ambaye shule ilimshinda akiwa na miaka kumi na mitano, hilo halikuwa jambo dogo.

Baba yake alikuwa mpasuaji wa vigae vya mbao, vile vidogo vya mviringo vinavyovika kuta za nyumba zote za bonde lile mithili ya magamba ya samaki. Alwin alilelewa juu ya gogo, shoka fupi mkononi, akipasua. Nyumba yao yenyewe ilivaa vigae vizuri nje, lakini ndani ilikuwa na baridi kali. Ukikaa karibu na jiko uso unaungua, mgongo unaganda. Watoto walipanda kitandani na jiwe lililopashwa moto na kufungwa kwenye taulo, na asubuhi maji ya kunawa yalikuwa na barafu juu. Mama yake alikohoa tangu Novemba mpaka Pasaka, kila mwaka, mpaka mwaka ule ambao Pasaka haikumkuta. Alwin alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuwahi kulisimulia sana jambo hilo, ila aliyemfahamu alijua kwa nini mwanamume mzima anaweza kukaa saa nzima juu ya ngazi akitafuta uwazi wa unene wa unywele.

Mwaka uliofuata alipokelewa katika karakana ya ukoo wa Thalgreber. Bwana Gebhard Thalgreber ndiyo kwanza alikuwa amerithi ubao wa jina la ukoo ulio mlangoni kutoka kwa baba yake, akiwa na miaka ishirini na sita, na tayari alikuwa ameoa. Mkewe, Mama Annelies, alikuwa amesoma Innsbruck na kufundisha shule ya kijiji kabla ya kuingia katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyemwandikia Alwin barua zake za serikali, akamsahihishia hesabu za mbao, akamfundisha kuvua kofia anapoingia kwa mteja. Hakuwa mwanamke wa kuchekacheka. Jina la Thalgreber lilikuwa juu ya mlango ule tangu enzi za babu wa mumewe, naye alilitunza kama mtu anavyotunza kitambaa cheupe cha meza, kwa kukiangalia kila siku.

Mwaka 2004 Gebhard alirudi kutoka mafunzoni na habari mpya. Kuanzia sasa, alisema, watajenga nyumba ambazo hazihitaji moto. Kuta za mbao zenye unene wa nusu mita, ndani zimeshindiliwa maranda yaleyale yanayotoka kwenye randa zao. Madirisha ya vioo vitatu. Na kuzunguka nyumba nzima kwa ndani, ngozi moja ya karatasi ngumu, iliyounganishwa kwa utepe wa gundi, isiyo na tundu hata moja.

Alwin aliweka mkate wake chini. "Kwa hiyo sasa tunatengeneza chupa za kuhifadhia matunda."

"Ndiyo," Gebhard akajibu. "Na wewe ndiye kifuniko."

"Watu watapumua nini humo ndani?"

"Kuna mashine inaleta hewa safi na kutoa ile chafu, na joto linabaki. Wewe shughulika na matundu. Hewa niachie mimi."

Alifanya kazi ile kwa kununa. Lakini Januari ya mwaka uliofuata walipita kumjulia hali bibi mmoja mjane waliyemjengea nyumba ya kwanza ya aina ile. Nje theluji ilifika kiunoni. Bibi yule alikuwa amekaa dirishani kabisa, miguu mitupu juu ya kiti kingine, anasoma gazeti. Jiko halikuwa limewashwa tangu juzi. Alwin alitazama ile miguu mitupu, akatoka nje akasema anakwenda kuangalia gari, akakaa huko muda mrefu kuliko gari lilivyohitaji. Kuanzia siku ile hapakuwa na mtu aliyebandika utepe kwa uangalifu kama yeye.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Alwin na Gebhard walilifanya na Mama Annelies hakulijua.

Siku ya kuinua paa, maseremala wa kule hufunga msonobari mdogo wenye riboni za rangi juu ya mwamba wa paa, yaani ile boriti ndefu ya juu kabisa, na mmoja wao husimama huko juu akatoa maneno ya baraka, akanywa glasi ya pombe ya matunda na kuitupa chini ivunjike. Hayo kila mtu anayajua. Lakini Gebhard alikuwa na la ziada, alilolirithi kwa babu yake. Wageni wakishateremka kwenda kula, yeye na Alwin walibaki juu. Gebhard alitoboa tundu katika mwamba kwa keekee ya mkono ya babu, akaingiza humo karatasi iliyoviringishwa yenye majina ya wote waliotia mkono katika nyumba ile, tangu bwana mkubwa hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha akalifunga kwa kizibo cha mbao. Kizibo hicho sharti kikatwe palepale, katika tawi la ule msonobari wa sherehe.

"Mke wangu asijue," Gebhard alimwambia. "Ataniambia ni mambo ya wapagani, halafu atasahihisha majina."

Gebhard alifariki mwaka 2011, moyo. Wiki moja kabla, hospitalini, alimpa Alwin keekee ikiwa imefungwa kwenye gunia. Alwin aliendelea na desturi ile. Katika kila karatasi, jina la kwanza liliendelea kuwa la Gebhard, kwa sababu, kwa maoni ya Alwin, hapakuwa na nyumba ambayo mkono wake haukuwemo. Na kwa kuwa nyumba zilikuwa za aina mpya, alihakikisha anatoboa nje, kwenye kichwa cha mwamba kinachochungulia chini ya ukingo wa paa, ambako tundu haliwezi kudhuru kitu. Hakuwa mjinga.

Kisha ikaja nyumba ya Jodok na Martina.

Walikuwa vijana wenye ng'ombe kumi na wanne na mtoto njiani, na msanifu wao alitoka mjini. Alichora paa lisilo na ukingo, limekatwa sawasawa na ukuta, kama mtu aliyenyolewa nywele na masikio yakaachwa wazi. Alwin alisema hivyohivyo mbele ya msanifu, na Mama Annelies akamkanyaga mguu. Paa lilikaa hivyo hata hivyo. Nje hapakuwa na kichwa cha mwamba pa kutoboa. Siku ya kuinua paa, mwezi wa Mei, wageni walipokwisha kuteremka, Alwin alibaki peke yake juu, keekee mkononi, na wingu jeusi likija kutoka bondeni. Ilikuwa nyumba yake ya mwisho. Mwanzo wa mwaka angestaafu. Angeacha vipi nyumba ya mwisho bila majina?

Akatoboa kwa ndani. Akatoboa mshazari, mahali mwamba unapoingia katika ukuta wa mashariki. Keekee ya babu yake Gebhard ilikuwa ndefu kuliko alivyokumbuka. Mwishoni alihisi mkono umekuwa mwepesi, akachungulia tunduni, akaona nukta ya mwanga upande wa pili. Hakuna neno, alijiambia. Nje vitakuja vigae. Akaingiza karatasi yenye majina kumi na moja, akakata kizibo katika tawi la msonobari, akakigonga kikaingia kwa shida, kimebana barabara. Tone la kwanza la mvua likampiga kisogoni. Akashuka kwenda kula tambi za jibini kabla hazijapoa.

Hayo yalikuwa Mei. Upimaji ulikuwa Jumanne ya tatu ya Novemba.

Mhandisi alikuwa Bi Verena, mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini, aliyekuja na feni kubwa iliyoshonewa kitambaa chekundu. Feni huzibwa katika fremu ya mlango wa mbele na kunyonya hewa ya nyumba kwenda nje, na kifaa huhesabu ni kiasi gani cha hewa kinachopenya kuingia kufidia. Kipimo kisizidi sifuri nukta sita. Kikizidi, nyumba haipati cheti, na mteja aliyeahidiwa nyumba ya cheti anakuwa ameahidiwa uongo. Nyumba za karakana ile zilizoea nukta nne, nukta tano.

Mama Annelies alikuja mwenyewe, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na hakuwahi kukosa upimaji. Safari hii alikuwa na sababu nyingine. Ilijulikana kwamba siku ya Mtakatifu Barbara, mapema Desemba, angemtangaza msimamizi mpya wa mafundi kuchukua nafasi ya Alwin, na ilijulikana pia kwamba anamfikiria Senad. Senad aliletwa bondeni akiwa na miaka saba, amebebwa mgongoni na mama yake kutoka vita vya Bosnia, na sasa alikuwa na thelathini na saba, akizungumza lafudhi ya bonde kuliko wenyewe. Hata hivyo wapo waliosema, chinichini, kwamba kiti cha msimamizi wa Thalgreber si cha mtu mwenye jina lile. Mama Annelies aliwajibu kwa sentensi moja: kiti ni cha mwenye mkono safi. Nyumba hii ndiyo aliyompa Senad aifunge peke yake, ngozi yote, kila pembe. Ulikuwa mtihani, na Senad alijua.

Feni ilinguruma. Bi Verena akatazama kifaa, akakigonga kwa kucha, akatazama tena.

"Sifuri nukta sita nne," akasema.

Nje ng'ombe wa Jodok alipiga kengele yake shingoni.

"Mashine imepoa labda," Alwin akasema.

"Mashine iko sawa, Bwana Fetz. Kuna tundu. Halihitaji kuwa kubwa. La kipenyo cha kidole gumba linatosha."

Wakatafuta mpaka saa sita. Alwin alilamba mkono akapita madirisha yote. Senad alipita na kijiti chenye moshi pembe zote za chini, soketi za umeme, mabomba. Utepe ulikuwa umekaa vizuri kama ngozi ya mtoto. Karibu na ukuta wa mashariki Bi Verena alisimama akainua uso. "Hapa nahisi kitu," akasema, "ila kinatoka juu, na sijui ni wapi." Akawapa mpaka kesho yake saa mbili asubuhi. Keshokutwa alikuwa na kazi Uswisi, na mafundi wa kufunika kuta za ndani kwa mbao walishaitwa.

Mama Annelies alifungua daftari lake dogo. "Ukuta wa mashariki ulifungwa na nani?"

"Na mimi, Mama," Senad akasema.

"Wote?"

"Wote."

Aliandika. Wote waliomfahamu walijua kwamba anapogomba, jambo limekwisha. Anaponyamaza na kuandika, limeanza.

Alwin alikwenda nyumbani kula. Mkewe, Irmgard, alikuwa ameweka supu mezani na anagombana na mtungi wa siki ya matofaa.

"Mume wangu fundi," akasema bila kugeuka, "nusu ya bonde inalala ndani ya kazi yako, na mimi sipati kizibo."

"Nilikukatia kimoja Septemba."

"Ndicho hiki. Tazama." Akakigusa kwa kidole kimoja, kikadondoka sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Alwin. "Siku ya kwanza nilikigonga kwa nyundo. Sasa nikipiga chafya kinatoka."

"Jikoni kuna joto. Mti ulikuwa mbichi, umesinyaa."

"Basi ungekata mkavu. Au ukavu ni wa wateja tu?"

Alwin aliinama akakiokota. Akakiweka kiganjani. Kilikuwa chepesi, na kwenye ubavu wake palikuwa na mfereji mwembamba pale mti ulipojivuta. Irmgard alisema jambo lingine kuhusu supu, lakini alikuwa ameshaacha kusikia. Alikuwa juu ya paa, mwezi wa Mei, na tone la mvua lilikuwa linampiga kisogoni.

"Unakwenda wapi? Hujala."

"Nimesahau kitu kwa Jodok."

"Umesahau nini?"

"Miaka arobaini na minane ya ufundi," akasema, akachukua kofia.

Njiani alipita karakana akachukua rola ya utepe na ngazi ndefu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Atafika, hakutakuwa na mtu, atapanda, atabandika kipande kimoja cha utepe juu ya kizibo, mraba mdogo usiozidi kiganja. Dakika mbili. Kesho kipimo kitashuka, mafundi watafunika kwa mbao, na nyumba thelathini na tatu kati ya thelathini na tatu zitakuwa zimepita. Hakuna atakayedhurika. Alijirudia hilo neno mara kadhaa akiendesha, hakuna atakayedhurika, na kila aliporudia lilizidi kumkwama.

Nyumbani kwa Jodok taa ya kazi ilikuwa inawaka. Senad hakwenda kula. Alikuwa amepiga magoti katika pembe ya ukuta wa mashariki, amebandua mita nne za utepe wake mwenyewe, utepe mzuri usio na kosa, na anabandika upya. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka.

"Unafanya nini?" Alwin akauliza.

"Naanza mwanzo, mzee. Sijui nimekosea wapi. Nimeangalia kila mahali, naapa. Labda gundi haikushika. Labda mkono wangu ulikuwa mchafu."

"Mkono wako haukuwa mchafu."

"Ulimwona Mama Annelies? Ameandika." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama yangu alishanunua nyama ya siku ya Barbara. Nimwambie airudishe buchani?"

Alwin alisimamisha ngazi ukutani. Akapanda mpaka juu kabisa, akalamba mgongo wa mkono wa kushoto, akausogeza kwenye mwamba. Hata feni ikiwa imezimwa, uzi mwembamba wa baridi ulimgusa. Kizibo kilikuwa palepale alipokiacha, kimesinyaa, na kuzunguka kingo zake palikuwa na weusi mwembamba kama wanja. Akakishika kwa vidole viwili. Kilitoka bila kupinga.

Utepe ulikuwa mfukoni, ubavuni mwake. Senad alikuwa chini, kichwa ameinamisha, anabandua.

"Acha," Alwin akasema kutoka juu. "Senad, acha hiyo kazi. Si wewe."

Akashuka, akamwonyesha kizibo, akamwambia yote: keekee, karatasi, babu yake Gebhard, msonobari. Senad alisikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo. Aliposikia kwamba jina lake limo ndani ya nyumba tisa, aliinua macho kuutazama mwamba.

"Na Mama hajui?"

"Hajui."

"Basi asijue." Senad alisimama, akakata utepe kwa meno, akaunyoosha mkononi. "Nipe ngazi. Tunabandika, tunakwenda nyumbani. Kesho nasema niliruka mahali nikapaona. Mzee, una wiki sita tu ustaafu. Thelathini na tatu! Utaharibu hesabu kwa ajili ya kizibo?"

"Na wewe?"

"Mimi nitasubiri mwaka mwingine. Nina umri."

Alwin alimtazama kijana huyu ambaye si kijana tena, na ule utepe umeshikwa sawasawa kwa vidole vilivyochubuka, haujakunjika hata kwenye ncha. Alimfundisha mwenyewe kuushika hivyo.

"Weka utepe chini," akasema. "Usibandike kitu mpaka kesho. Mhandisi aone tundu kwa macho yake."

Asubuhi, kabla feni haijawashwa, Alwin alivua kofia. Mama Annelies, Bi Verena, Jodok na Senad walikuwa wamesimama katika chumba kikubwa, pumzi zao hazitoi mvuke hata bila moto.

"Mama Annelies, tundu ni langu," akasema. "Senad hana kosa. Nilitoboa mwamba mimi, siku ya kuinua paa, nikaziba kwa mti mbichi."

Mama Annelies hakuelewa mara moja, na halikuwa jambo la kawaida kwake. "Wewe, Alwin? Mti mbichi? Mwanafunzi wa wiki ya pili anajua."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini utoboe mwamba?"

Alipanda ngazi badala ya kujibu, akaingiza kibano kirefu tunduni, akavuta karatasi, akashuka nayo, akampa. Ilikuwa imepata unyevu pembeni lakini maandishi ya penseli yalisomeka. Mama Annelies alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza, akakaa hapo muda mrefu kuliko mstari wenyewe ulivyokuwa. Jodok alianza kuuliza jambo, Senad akamgusa mkono.

"Hili jina limeandikwa Mei hii," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama. Yeye ndiye aliyenifundisha. Katika kila nyumba yupo."

"Kila nyumba?"

"Tangu 1987 tuliandika pamoja. Baadaye peke yangu. Alisema nisikuambie."

"Alisema kwa nini?"

Alwin aligeuzageuza kofia. "Alisema utaita upagani. Na kwamba utasahihisha majina."

Kona ya mdomo wa Mama Annelies ilisogea, ikarudi mahali pake. Akasoma majina yaliyobaki, kumi na moja, mpaka la mwisho, kisha akageuza karatasi kuangalia nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Mimi simo."

"Waliotia mkono, Mama. Kwenye mbao."

"Nimeandika mikataba ya nyumba zote hizo. Nimewapikia supu juu ya theluji miaka arobaini. Wewe mwenyewe nani alikufundisha kuhesabu mbao?"

"Wewe, Mama."

"Basi." Aliikunja karatasi akaishika. "Bi Verena, katika ripoti ya jana kuna nafasi ya sababu. Uandike hivi: tundu lililotobolewa katika mwamba na fundi Alwin Fetz, kikatumika kizibo kibichi. Jina lake lote. Na uandike pia kwamba ngozi ya nyumba ilifungwa na Senad, na haikuwa na kosa."

Jodok alisema polepole kwamba si lazima, tundu limeshajulikana, mzee anastaafu.

"Ni lazima," akasema Mama Annelies. "Juu ya mlango wangu pana ubao. Siku moja mtu atafungua faili hili na kuuliza ni nani aliyekosea. Sitaki ajibiwe kwa jina la asiyekosea. Alwin, una la kusema?"

"Sina, Mama. Ni haki." Akachukua kalamu ya mhandisi na kutia sahihi chini ya sentensi ile kwa mwandiko wake mkubwa wa mwanafunzi. Alijisikia mwepesi na mzee kwa wakati mmoja.

Kisha Mama Annelies aliweka karatasi ya majina juu ya kizingiti cha dirisha, akachomoa penseli ya seremala kwenye mfuko wa Senad bila kumwomba, na chini ya jina la mwisho akaandika lake, kwa herufi za kishule, zilizonyooka. Alipomaliza alirudi kwenye mstari wa nne na kurekebisha jina la fundi mmoja. Alwin alitazama dari.

"Una mwaloni mkavu kwenye gari?" Mama Annelies akamuuliza Senad.

"Ninao, Mama. Wa miaka sita."

"Kata kizibo. Alwin akuonyeshe namna ya kuviringisha karatasi. Halafu ubandike utepe juu yake, wewe, kwa mkono wako."

Senad alipanda ngazi. Alwin alishika chini, na alipoona kiwiko kinayumba alisema, "Taratibu, hakuna nyama ya kurudisha buchani," na Senad akacheka juu kule mpaka ngazi ikatikisika. Feni iliwashwa. Bi Verena alisubiri mpaka namba zilipotulia, akasoma: sifuri nukta tano nane.

Siku ya Barbara Senad alitangazwa msimamizi, na nyama aliyoinunua mama yake ililiwa na karakana nzima. Alwin alistaafu mwezi wa Januari akiwa na nyumba thelathini na mbili zilizopita mara ya kwanza na moja iliyopita mara ya pili, na mtu akimwuliza alizitaja zote, na hiyo moja alianza nayo. Keekee ilikwenda kwa Senad, ndani ya gunia lilelile. Kuinua paa kulikofuata, mwezi wa Aprili, wageni waliposhuka kwenda kula, watu watatu walibaki juu, Alwin akiwemo, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne mwenye koti jeusi, ameshika kizibo cha mwaloni mkavu mkononi na kumwambia msimamizi wake atoboe kwa nje.